"Umejuaje?": jibu kwa mwanafunzi wa Kigoma aliyepata 48

Swali

Shikamoo Dokta. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano hapa Kigoma, tahasusi ya HKL (Historia, Kiswahili na English). Tuko watano. Kuna dada yetu wa hapa Ujiji anasoma shahada ya uzamili Dar es Salaam. Amerudi nyumbani kukusanya data za tasnifu yake, na amejitolea kukaa nasi kila Jumamosi mchana kwa wiki nane ili tuonje kazi ya chuo kikuu inavyofanywa. Swali alilotupa ni hili: "Ni nini kiliikuza Ujiji katika karne ya 19?" Mwisho tumwandikie insha ya maneno 2,000 kwa Kiingereza. Nilipeleka rasimu ya kwanza nikapata 48, na pembeni ameandika "Umejuaje?" mara sita na "Kwa hiyo?" mara mbili. Shuleni sijawahi kushuka chini ya B kwenye Historia. Mwalimu wetu anasema tunapoteza muda, Nekta haitaki falsafa. Je, niendelee? Na nikiendelea, niandikeje? Halafu hili naona aibu kuuliza: bibi yangu ana habari nyingi za Ujiji ya zamani. Naruhusiwa kumtumia?

Jibu

Marahaba, binti yangu.

Tuanze na hiyo 48, maana naona ndiyo iliyokukosesha usingizi. Kwa mizani ya Nekta ya kidato cha sita, A inaanzia 80 na 48 ni E. Kwa mizani ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, A inaanzia 70, B+ inaanzia 60, B inaanzia 50 na C inaanzia 40. Uingereza nako daraja la kwanza linaanzia 70, na mwanafunzi anayepata 75 kwenye insha hutembea kifua mbele wiki nzima. Naamini dada yenu amekupima kwa mizani ya chuo, na kwa mizani hiyo umepita. Kwa rasimu ya kwanza ya mtoto wa kidato cha tano si haba hata kidogo. Hao ninaowasahihishia mimi mwaka wa kwanza, waliokuja na A zao mkononi, wengi wao insha ya kwanza huwarudia na 45 au 52, na wanakuja ofisini wamenuna kama watu waliodhulumiwa shamba.

Mimi nilinuna kuliko wao. Nilitoka Tabora kwa treni, sanduku la bati miguuni na sifa za shule nzima kichwani. Insha yangu ya kwanza ilikuwa na kurasa tisa, mwandiko wa kupendeza. Mbili kati ya hizo nilikuwa nimezitoa kitabuni neno kwa neno bila kusema nimezitoa wapi, kwa sababu nilidhani kuandika kama kitabu ndiko kusoma kwenyewe. Mhadhiri aliniita ofisini, akafungua kitabu kile kile, ukurasa ule ule, akaulaza kando ya karatasi yangu. Hakusema neno. Nilichosikia ni saa ya ukutani tu. Leo ningefikishwa mbele ya kamati ya nidhamu. Siku zile nilirudishiwa karatasi nikaambiwa niandike upya, safari hii niseme kila jambo nimelipata wapi. Kurasa tisa zikabaki tatu.

Basi hiyo "Umejuaje?" ya dada yako si kwamba hakuamini wala kwamba umekosea. Insha ya shule inamtaka mtoto aonyeshe kwamba anajua. Insha ya chuo inamtaka aonyeshe amejuaje, ili mwingine asiyekubaliana naye aweze kufuata njia ile ile na kuona kama itamfikisha hapo hapo. Mengine yote utakayosikia kuhusu uandishi wa kitaaluma, tanbihi, marejeo, muhtasari wa hoja, ni vyombo vya kazi hiyo moja.

Hukunitumia rasimu yako, lakini nimesoma nyingi za namna hiyo, na sina shaka mahali fulani umeandika kitu kama hiki: Ujiji ilikua kwa sababu ya biashara ya pembe za ndovu na watumwa. Sentensi nzuri. Mtahini wa Nekta ataiwekea alama ya vema na kwenda kwenye hoja ya pili. Sasa tuipitishe kwenye "Umejuaje?" tuone.

Umejuaje? Nimesoma kwenye notsi. Aliyeandika notsi amejuaje? Alisoma kitabu. Aliyeandika kitabu? Ukizidi kurudi nyuma utafika kwa watu wachache sana walioiona Ujiji kwa macho yao wakaandika. Wawili ni Waingereza Richard Burton na John Speke, walioingia Ujiji tarehe 14 Februari 1858. Kitabu cha Burton kilitoka 1860, na kinashangaza. Mtu huyu alitarajia kukuta mji wa bandari kama ile aliyoiacha pwani. Kwa maelezo yake mwenyewe alikuta vibanda vilivyotawanyika katikati ya mashamba, migomba na michikichi. Soko lilikuwapo, lakini mji wa kumtoa mtu macho haukuwapo.

Hapo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufurahi, akaandika: "Mwaka 1858 Ujiji haikuwa mji." Polepole. Burton alikuwa na hali gani siku hiyo? Malaria ilikuwa imemlegeza miguu mpaka akawa anabebwa. Speke macho yalikuwa yamemuuma kiasi kwamba hata ziwa lenyewe, lile walilotoka Zanzibar kulitafuta, aliliona kama ukungu tu. Kwa hiyo shahidi wetu wa kwanza ni mgonjwa aliyelala kibandani, na mwenzake haoni. Aliyaona mangapi? Alizunguka mitaa mingapi? Isitoshe, alikuwa mtu wa kuchukizwa upesi na chochote kisichofanana na alichokizoea. Haina maana tumtupe. Maana yake ni kwamba anaposema "vibanda" tunamsikiliza tukiwa na sikio moja wazi na jingine limekunjwa.

Miaka 13 baadaye, 1871, anafika Henry Morton Stanley, bendera mbele, bunduki zikilia hewani, watu wamejaa njiani, wafanyabiashara wa pwani wamejipanga kumpokea. Huyo alikuwa mwandishi wa gazeti la New York Herald, na gazeti huuzwa kwa mshindo. Kwa hiyo naye tunamkunjia sikio, ila la upande wa pili. Hata tarehe ya tukio lake maarufu ina utata: kitabu chake kinasema alikutana na David Livingstone tarehe 10 Novemba, wakati shajara ya Livingstone inaliweka jambo hilo mwishoni mwa Oktoba. Watu wawili waliopeana mikono chini ya mti mmoja wametuachia tarehe mbili. Na kurasa za shajara ya Stanley zinazohusu mkutano huo zilichanwa. Yale maneno ya salamu, "Dr. Livingstone, I presume?", ambayo dunia nzima inayajua, na ambayo kila mgeni anayefika pale kwenye mnara wa Ujiji huyasema kwa kucheka, tunayo kutoka kwa Stanley mwenyewe, na wapo wanahistoria wanaoshuku kwamba aliyatunga baadaye.

Unaona kilichotokea? Tulianza na sentensi moja ya notsi, sasa tuna swali la kweli: kati ya 1858 na 1871 Ujiji ilibadilika, au waliobadilika ni waliokuwa wakiitazama? Hilo ni swali la mwanahistoria. Halina jibu kwenye kurasa za notsi zako, na ndiyo raha yake.

Nikupe na upande mwingine, kisha ninyamaze nisije nikakuandikia insha. Pale Uvinza, mkoani kwenu, wachimbaji wa akiolojia wa miaka ya 1960 walionyesha kwamba chumvi ilikuwa ikichemshwa kutoka kwenye chemchemi zile zaidi ya miaka 1,000 kabla Burton hajazaliwa. Chumvi haikai Uvinza, inatembea. Inabadilishwa kwa samaki, kwa mawese, kwa nafaka. Na sokoni Ujiji shanga za sofi zilitumika kama fedha, watu wa kawaida wakinunulia vitu vya kawaida. Mtu anaweza kujenga hoja kwamba msafara wa pembe ulifika kwenye soko lililokwisha simama kwa miguu yake, ukalinenepesha, lakini haukulizaa. Mwingine atambishia: soko la samaki na chumvi liko kila ufuko wa ziwa Tanganyika, mbona ni Ujiji peke yake iliyokua kiasi kile? Hapo ndipo insha ya maneno 2,000 inapoanzia. Hoja hii usiichukue kama ilivyo, dada yako atajua haikutoka kwako.

Sasa mwalimu wako. Sitaki umwendee ukasema Dokta fulani kakwambia amekosea, kwa sababu hajakosea. Chumba cha mtihani kina maswali matano kwa saa tatu, yaani dakika 36 kwa kila insha, na anayesahihisha ana mwongozo mezani. Ukiingia pale ukaanza kumchambua Burton na malaria yake, kengele italia ukiwa swali la pili. Nekta inataka hoja sita, utangulizi na hitimisho, mpe hoja sita. Ni michezo miwili, na anayejua bao hakatazwi kucheza karata. Ninachoweza kukuambia kwa uzoefu ni kwamba mtoto aliyewahi kuchimba jambo moja mpaka chini hakremu tena kwa shida. Hoja zinamkaa kichwani kwa sababu anajua zilikotoka. Lakini uzoefu wangu si cheti. Wewe fanya hivi: Jumamosi mchana iwe ya dada, Jumapili usiku hadi Ijumaa iwe ya kombi nzima, Kiswahili na English navyo vinadai haki yao. Ukiona alama za mwisho wa muhula zinashuka, punguza. Una zaidi ya mwaka kabla ya Mei ya mtihani wako, hujachelewa na chochote.

Na mwalimu akitaka kujua wazo hili limetoka wapi, mweleze kwamba si jambo la ajabu. Oxford na Cambridge wamefundisha hivyo kwa vizazi: mwanafunzi mmoja, au wawili watatu, wanakaa na mkufunzi, insha imeandikwa, na saa nzima inakwisha kwa kuulizwa. Uingereza hiyo hiyo kuna shirika linaloitwa The Brilliant Club, lilianza 2011, linalowapeleka wanafunzi wa udaktari wa falsafa kwenye shule za kawaida kufanya kazi ya aina hii na vikundi vidogo vya vijana, wakiwamo wa rika lenu. Wanaosoma mtaala wa kimataifa wa IB hawapati cheti bila insha ya utafiti isiyozidi maneno 4,000. Nyinyi mnafanya bila shirika, kibarazani, na dada mmoja. Mimi naona mna bahati.

Hiyo Jumamosi yenyewe ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko insha. Nimekaa na vijana wetu kwenye semina miaka mingi, najua kinachotokea: mkufunzi anauliza, wote wanatazama daftari. Si kwamba hawana la kusema. Sisi tumelelewa kwamba mtoto anayemjibu mkubwa ni mbishi, na binti mbishi ndiye anayesemwa zaidi. Huwezi kulivua hilo kwa wiki nane, wala sikushauri ulivue, utalihitaji nyumbani. Ila jifunze kutofautisha kumbishia mtu na kuibishia hoja. "Dada, hapo sijaridhika." "Dada, umesema Waarabu ndio walioleta soko, mbona Burton alilikuta likichangamka?" Adabu imebaki palepale, hoja imeguswa. Na mkubaliane nyinyi watano kwamba kila Jumamosi mmoja wenu kazi yake ni kupinga tu, hata kama anakubali. Hivyo hakuna atakayeonekana mkorofi, maana ni zamu yake.

Mtataka kitu cha kujifunzia kupinga. Chukueni miembe. Mimi nimekulia Tabora, na tangu utotoni nimeambiwa kwamba miembe yetu ya zamani ilitokana na kokwa walizotupa watumwa njiani wakielekea pwani. Najua na nyinyi Ujiji mnaambiwa hivyo hivyo. Ni simulizi lenye uchungu na uzuri wake, limenitoa machozi nikiwa mtoto. Haya, umejuaje? Tokeni nje mkatazame. Kokwa iliyotupwa ovyo inaota ovyo: huu hapa, ule kule, miwili imebanana. Mkikuta miembe imesimama kwenye mstari, nafasi kati ya shina na shina zinakaribiana kuwa sawa, hapo kuna mtu aliyepanda na kamba mkononi. Pimeni kwa hatua za miguu, andikeni. Mkikuta mchanganyiko, bora zaidi, mna la kubishania mpaka magharibi. Mtu aliyepanda naye anaweza kuwa alikuwa mtumwa, usinielewe vibaya. Tunachotafuta ni jinsi ya kujua, na kwa jambo hili jicho na miguu vinatosha.

Andikeni, nasisitiza, siku hiyo hiyo, na tarehe juu. Panda boti ya Kibirizi uende Gombe, utasikia habari za Jane Goodall aliyefika pale Julai 1960, hana hata shahada ya kwanza, na ndani ya miezi michache akaona sokwe anachomeka jani kwenye kichuguu na kuvua mchwa. Wakati ule wataalamu walikuwa wakisema ni binadamu peke yake anayetengeneza zana. Walipomuuliza amejuaje, jibu lake lilikuwa kwenye madaftari: siku, saa, mahali, sokwe gani. Cambridge walimpokea kusomea udaktari bila ile shahada ya kwanza.

Kuhusu Kiingereza. Najua ndicho kinachowaua wengi, ingawa hukukitaja. Unafikiri kwa Kiswahili, labda kwa Kiha ukikasirika, kisha unaandika kwa lugha nyingine, na njiani hoja inamwagika. Kabla hujaandika aya yoyote mweleze rafiki yako kwa Kiswahili, kwa mdomo, unataka kusema nini. Kama hawezi kukurudia, bado hujui unachotaka kusema, na hakuna Kiingereza kitakachokuokoa. Akikurudia vizuri, andika sentensi mbili za Kiswahili juu ya karatasi, ndipo uandike aya kwa Kiingereza chepesi, sentensi fupi. Yale maneno makubwa mnayopenda kuanzia insha, yanayotangaza kwamba tangu enzi na enzi binadamu amekuwa akifanya biashara, yakate. Dada yako anajua binadamu amekuwa akifanya biashara.

Vitabu. Burton, Stanley na shajara za Livingstone vyote haki zake zimekwisha muda, vinapatikana bure kwenye Project Gutenberg au Internet Archive. Epuka zile nakala za picha zilizopigwa ukurasa kwa ukurasa, zitakumalizia bando asubuhi moja. Tafuta faili ya maandishi matupu, kitabu kizima kinaingia kwenye simu kwa megabaiti chache, halafu unatafuta neno "Ujiji" na kuruka moja kwa moja. Mkiwa watano, mmoja apakue, wengine warushiane. Na msiwasome wazungu peke yao. Tippu Tip, mfanyabiashara wa misafara kutoka Zanzibar, aliyezipita njia hizi mara nyingi kuliko hao wote, alieleza maisha yake kwa Kiswahili. Utamwelewa bila kamusi, isipokuwa pale anapojisifu, ambapo itabidi ukunje sikio tena.

Akili mnemba? Najua mnayo kwenye simu, siwezi kujifanya sijui. Itumie kukuelezea sentensi ngumu ya Burton kwa Kiswahili rahisi, halafu uhakikishe kwenye kitabu. Ikikuandikia insha, itakuja Jumamosi, dada atauliza "Umejuaje?" kwenye mstari wa tatu, na simu iko mfukoni haiwezi kukujibia. Nimeshuhudia hilo likimtokea kijana mbele ya wenzake, na sikulifurahia.

Marejeo: fuata mtindo wowote atakaokupa dada, kwa uaminifu, kila mara. Ukurasa uuandike palepale unaponukuu, usiseme utaurudia. Basi.

Ile "Kwa hiyo?" nayo nadhani aliiandika mwisho wa aya. Umetaja ukweli, ukauacha umekaa peke yake kama mgeni asiyekaribishwa. Umesema Burton alifika 1858: kwa hiyo? Unathibitisha nini? Mwalimu Nyerere alisoma Tabora kuanzia 1937 hadi 1942, kisha akaenda Makerere, na akiwa kule aliandika insha iliyopata zawadi ya kwanza katika mashindano ya Afrika Mashariki. Alichukua mawazo ya Mwingereza John Stuart Mill kuhusu kukandamizwa kwa wanawake. Angeweza kueleza Mill alisema nini na kuishia hapo, na angepata alama zake. Yeye aliyachukua mawazo yale akayapima kwa maisha ya Wazanaki, watu wa kwao. Alimleta Mill mpaka Butiama. Hapo "Kwa hiyo?" ilikuwa imejibiwa kabla haijaulizwa.

Nimefika kwa bibi, na hilo wala usilionee aibu. Idara ya historia ya Dar es Salaam kwa sehemu kubwa imejengwa juu ya vibaraza vya wazee. Profesa Isaria Kimambo aliiandika historia ya Wapare akitegemea sana masimulizi ya wazee wao, wakati ambapo vyuo vingi duniani bado vilidhani penye ukimya wa karatasi hapana historia. Kwa hiyo ndiyo, bibi yako ni chanzo. Lakini ni chanzo kama Burton, anastahili swali lile lile.

Piga hesabu kwanza. Kama bibi alizaliwa miaka ya 1940, Ujiji ya 1871 hakuiona. Aliisikia, pengine kwa bibi yake, ambaye naye labda alikuwa mtoto wakati ule, au naye alisikia. Hiyo ni minyororo ya pete mbili au tatu, na kila pete inabidi uitaje. Usimwulize "Umejuaje?" kwa sauti ya dada yako, utapigwa na mwiko. Mwulize: "Bibi, haya ulisimuliwa na nani? Mlikuwa wapi? Mwenyewe aliyaona au naye alisimuliwa?" Ukishamaliza, nenda kwa mzee mwingine wa mtaa mwingine, wa ukoo usiohusiana na wenu, umwulize jambo lile lile bila kumwambia bibi kasema nini. Wakipatana, vizuri. Wakitofautiana, vizuri zaidi, mradi uandike wametofautiana wapi.

Mwombe ruhusa kabla ya kuwasha kinasa sauti cha simu, na mwambie sauti yake itasikilizwa na nani. Nenda asubuhi kabla jua halijamchosha, na usiende mikono mitupu. Kama anachambua dagaa, kaa chini uchambue naye. Masimulizi mazuri niliyowahi kupata Tabora niliyapata nikipukuchua mahindi, na nusu yake sikuyaandika kwa sababu mikono ilikuwa imejaa. Wewe nenda na mdogo wako akushikie daftari.